Makaburi ya Vita ya Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo watu huwa wanarudia rudia kila ikitajwa ile sehemu yenye makaburi yaliyopangwa mistari pembeni ya barabara ya Ali Hassan Mwinyi. Nimeyapanga kuanzia yale mepesi mpaka yale ya kuumiza kichwa. Kama jibu lipo sehemu nyingine nitakuelekeza huko ili tusirudie mambo.

## Mambo ya mwanzo

Hayo makaburi yako wapi hasa?

Ukitoka mjini kati ukavuka daraja la Salenda ukashika barabara ya Ali Hassan Mwinyi, ile ambayo wazee bado wanaiita Bagamoyo Road, ni kama kilomita 5 hivi kutoka katikati ya jiji. Wengi tunapita pale kila siku na daladala na hatujawahi kugeuza shingo. Usichanganye na makaburi ya Kinondoni, yale ni ya raia na ni kitu kingine kabisa.

Ni makaburi ya vita gani?

Vita vya Kwanza vya Dunia, 1914 mpaka 1918, vile wazee walikuwa wanaviita vita vya Mdachi na Mwingereza. Kuna askari 1,764 wa upande wa Mwingereza wa vita hivyo waliozikwa au kukumbukwa pale, kati yao 60 hawajulikani majina. Alafu kuna 41 wa Vita vya Pili. Wapo pia wa mataifa mengine, wengi wao Wabelgiji na Wajerumani, yaani maadui wamelala uwanja mmoja.

Kwa nini watu wanapaita "makaburi ya wazungu"?

Kwa sababu majina yanayosomeka haraka ni ya wazungu, na kwa sababu kwa miaka mingi hakuna aliyetuambia vingine. Ila jina hilo sio sahihi na mimi huwa linaniuma nikilisikia. Pale kuna Waafrika wengi, Waislamu, Wakristo na wasio na dini hizo mbili, pia kuna Wahindi. Tatizo ni kwamba wengi wa Waafrika hawana jiwe la peke yao, na sababu yake nimeielezea chini kwenye sehemu ya wasio na jiwe. Usiiruke hiyo sehemu, ndo kiini cha mambo yote.

Vita vya wazungu vilifikaje huku kwetu?

Tanganyika ilikuwa koloni la Mjerumani, Kenya na Uganda za Mwingereza, Kongo ya Mbelgiji, Msumbiji ya Mreno. Walipogombana Ulaya Agosti 1914, huku nako wakawashiana moto. Novemba 1914 Mwingereza alishusha jeshi kubwa kutoka India pale Tanga akapigwa vibaya sana. Baada ya hapo kamanda wa Mjerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, akawa anakwepa kwepa miaka minne mizima, anapigana anarudi nyuma, Kilimanjaro, reli ya kati, Rufiji, Lindi, mpaka Msumbiji alafu Rhodesia ya Kaskazini. Dar es Salaam yenyewe ilichukuliwa na Mwingereza Septemba 4, 1916, na siku chache mbele, Septemba 19, Wabelgiji wakaingia Tabora. Lettow alikuja kuweka silaha chini Novemba 25, 1918 kule Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, wiki mbili nzima baada ya Ulaya kuwa wameshamaliza, manake taarifa zilichelewa kumfikia.

Nani anayatunza?

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, wengi wanaijua kwa kifupi CWGC. Ilianzishwa Mei 1917 vita ikiwa bado inaendelea. Msimamo wao tangu mwanzo ulikuwa kwamba kila aliyekufa akumbukwe kwa jina, kwenye jiwe au kwenye ukuta, na kusiwe na tofauti ya cheo wala utajiri wala rangi wala dini, jenerali na askari wa kawaida jiwe lao saizi moja. Hayo ndo maandishi. Kilichofanyika Afrika Mashariki ni kingine.

## Waliolala pale

Hao 1,764 walitoka wapi?

Hili jeshi lilikuwa la dunia nzima. Kulikuwa na Waingereza wenyewe, Makaburu na Waingereza wa Afrika Kusini, Wahindi wengi sana, watu wa Nigeria na Gold Coast ambayo leo ni Ghana, watu wa visiwa vya Karibi, Rhodesia, na wetu wa King's African Rifles, KAR, jeshi la Mwingereza la askari Waafrika wa huku, ambayo midomoni mwa watu ikawa "keya". Keya walianza vita wakiwa na vikosi vitatu tu, mpaka inaisha walikuwa 22. Kadri vita ilivyosogea kusini, wazungu na Wahindi waliugua wakarudishwa, na mzigo ukabaki kwa Waafrika.

Walikufa kwa risasi?

Wachache kuliko unavyofikiri. Malaria, kuhara damu, homa ya mapafu na njaa ndo vilimaliza watu, alafu mwishoni ile mafua kali ya 1918 ikaja kufagia waliobaki. Mapema 1917 mvua kubwa ilishuka Rufiji, barabara zikawa mito, chakula hakifiki, askari wanakula nusu posho au hawali kabisa. Farasi na ng'ombe walishakufa na mbung'o zamani. Kwa hiyo kila kitu, unga, risasi, dawa, hata vipande vya mizinga, kilibebwa kichwani na binadamu. Ukielewa hilo utaelewa kwa nini swali la wapagazi haliwezi kukwepwa.

Walizikwa pale tangu wakati wa vita?

Hapana, na hili wengi hawalijui. Uwanja ule ni wa 1968. Mwanzo kulikuwa na makaburi 660 ya vita kule Ocean Road karibu na bahari, ikaja kutakiwa kujengwa barabara mpya, wakahamishwa wote. Miaka ya mwanzo ya 1970 wakaletwa wengine kama 1,000 kutoka makaburi madogo madogo ya mikoani ambako ilionekana hakutakuwa na uhakika wa kuyatunza. Kwa hiyo kuna mtu amelala pale Dar ambaye alifia mbali kabisa huko bara na hata bahari pengine hakuwahi kuiona.

Sio wote walioletwa lakini. Moshi, Morogoro, Iringa, Dodoma na Tanga bado kuna makaburi ya vita hiyo yanayotunzwa kule kule.

Na majina yaliyoandikwa kwa pamoja ni ya nani?

Huo ni Ukumbusho wa Waingereza na Wahindi, uko humo humo ndani. Unakumbuka maafisa na askari zaidi ya 1,500 waliokufa Afrika Mashariki kuanzia Januari 1917, yaani kuanzia ile safari ya kwenda Rufiji, ambao makaburi yao hayajulikani. Waliokufa kabla ya hapo majina yao yako Nairobi kwenye ukumbusho kama huo. Ukiangalia hilo jina, Waingereza na Wahindi, utaona mwenyewe nani hayumo.

Kaburi la Selous, yule wa pori la Selous, liko hapo?

Hapana. Frederick Selous, mwindaji Mwingereza aliyekuwa akipigana upande wa kwao, aliuawa Januari 4, 1917 pale Beho Beho na amezikwa huko huko porini, eneo ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kaburi lake lipo peke yake na lina jina lake. Alikuwa na umri wa miaka 65 na watu bado wanasafiri mpaka huko kuliona.

## Wasio na jiwe

Mbona Waafrika wamezikwa kwa mafungu?

Kule Ocean Road watu walizikwa kwa kutengwa. Kulikuwa na kiwanja cha Waafrika Wakristo, kiwanja cha Waafrika wasio Wakristo, na kiwanja cha Waislamu. Na kwenye viwanja hivyo makaburi hayakuwekewa alama moja moja. Kwa hiyo ilipofika 1968 inabidi wahamishwe, hakuna mtu aliyeweza kusema mifupa hii ni ya Fulani bin Fulani. Wakazikwa upya kwa pamoja, kila kaburi la pamoja likajengewa ukuta wa ukumbusho.

Mara ya kwanza niliposimama mbele ya ukuta huo nilikaa muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwa mistari ya mawe unaweza kutembea ukasoma jina, namba, kikosi, tarehe, unamwona mtu. Kwa ukuta huoni mtu. Na sio kwamba majina hayakuwepo kabisa duniani, jeshi lilikuwa na madaftari, watu walikuwa na namba na walikuwa wanalipwa kwa orodha. Kilichokosekana ni mtu wa kuona kwamba inafaa kuandika.

Huo ni uamuzi wa makusudi au bahati mbaya tu?

Makusudi, na sio mimi ninayesema. Tume yenyewe ilitoa ripoti Aprili 2021 baada ya kufukua mafaili yake, ikaomba radhi. Ndani ya ripoti hiyo wamekiri kwamba baada ya vita maafisa waliokuwa na mamlaka huku waliona Mwafrika hahitaji jiwe wala hatalielewa, wakaacha makaburi mengi ya askari weusi na wapagazi yarudi kuwa pori, na badala yake wakajenga sanamu za jumla mijini. Ripoti inasema kati ya watu 45,000 na 54,000, wengi Wahindi, Waafrika Mashariki na Magharibi, Wamisri na Wasomali, hawakukumbukwa kwa usawa na wenzao. Na wengine wasiopungua 116,000, huenda mpaka 350,000, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa.

Rudia kusoma hizo namba polepole. Pengo kati ya 116,000 na 350,000 ni watu ambao hata kuhesabiwa hawakuhesabiwa.

Wapagazi ni akina nani na kwa nini wanatajwa sana?

Ni wale waliobeba vita yenyewe. Mwingereza alichukua karibu watu milioni moja kwa miaka yote ile, wengine kwa hiari, wengi kwa kukamatwa, machifu walipewa idadi ya kutoa na askari walikuwa wanazunguka vijijini usiku. Jeshi lao la wapagazi liliitwa Carrier Corps, na kambi yao hapa Dar ilikuwa pale ambapo sasa ni soko. Tamka hilo jina haraka haraka kwa mdomo wa Kiswahili utapata Kariakoo. Nairobi nao wana Kariokor yao, jina ni lile lile.

Kwa hiyo kila tunaposema "nashuka Kariakoo" tunawataja, ni vile tu hatujui. Makadirio yanayotajwa sana ni kwamba karibu laki moja walikufa upande wa Mwingereza peke yake. Mtu aliyezoea mtama au ndizi kwao anapewa unga wa mahindi, wakati mwingine haujaiva vizuri kwa kukosa kuni na muda, tumbo linaharibika, anatembea na mzigo wa paundi 50 kichwani kwenye baridi na mvua bila blanketi la maana. Wengi walianguka njiani na msafara ukaendelea.

Na upande wa Mjerumani?

Huko nako askari wengi walikuwa weusi, kilele chao walifika kama 11,000, wenyeji wa Tanganyika na wengine wa mbali. Wapagazi wake nao walikuwa makumi ya maelfu na kumbukumbu zao ni chache mno. Kijiji kimoja kingeweza kutoa watu pande zote mbili. Na raia waliobaki nyumbani walinyang'anywa chakula na majeshi yote, mpaka Ugogo ikaja njaa ile ya Mtunya ambayo wazee wa Dodoma walikuwa bado wanahesabia nayo miaka. Hao wa njaa hawana makaburi ya vita popote.

Sanamu ya Askari pale mjini si ndo ukumbusho wao?

Ndo ilikusudiwa hivyo, ilizinduliwa 1927, ikawekwa mahali ambapo Mjerumani alikuwa na sanamu ya Wissmann, aliyekuwa gavana wake huku. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza, ya Kiswahili na ya herufi za Kiarabu, wanatajwa askari wa Afrika na wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi, na kuna ahadi kwamba ukiifia nchi yako wanao watakumbuka jina lako. Nairobi na Mombasa wana sanamu zao za wakati huo huo.

Ni sanamu nzuri na mimi naipenda, ila zunguka pande zote nne utafute jina hata moja. Wanaambiwa watoto watalikumbuka jina, na jina lenyewe halikuandikwa.

Kuna kinachofanyika sasa hivi kurekebisha?

Tangu 2021 tume inafanya kazi ya kutafuta majina kwenye madaftari ya zamani. Mfano ulioonekana mpaka sasa uko Cape Town, Januari 2025 ulizinduliwa ukumbusho wa vibarua weusi wa Afrika Kusini 1,772 wa vita hiyo hiyo, kila mmoja ana nguzo yake ya mti yenye jina. Miaka zaidi ya 100 imepita, lakini kuna familia zilienda zikagusa jina la babu yao kwa mkono. Na sisi tunastahili hivyo.

## Kutafuta ndugu yako

Nitajuaje kama babu wa babu yangu yumo?

Tume ina orodha yake kwenye tovuti, bure, unaandika jina na unaweza kuchuja kwa nchi, vita au kikosi. Shida kubwa ni tahajia. Karani Mwingereza aliandika alivyosikia, kwa hiyo Mwinyi anaweza kuwa Mweni, Selemani akawa Suliman, na jina la baba linaweza kuwa limeshikwa kama ukoo. Jaribu namna nyingi, jaribu na "bin" na bila "bin", jaribu jina la pili peke yake. Usipompata haimaanishi hakufa vitani, angalia majibu ya sehemu iliyopita.

Kama nyumbani kuna nishani ya zamani usiitupe wala usimuuzie anayenunua vyuma. Nishani za Mwingereza za vita hiyo mara nyingi zimechongwa ukingoni namba, jina na kikosi cha mwenyewe, vidogo sana, geuza kwenye mwanga. Hiyo namba ina thamani kuliko jina kwa sababu tahajia yake haibadiliki.

Nikikuta jina limekosewa?

Unaweza kuwaandikia tume ukiwa na ushahidi, na wamekuwa wakirekebisha. Hata jina ambalo halipo kabisa linaweza kuongezwa kama utathibitisha alikuwa jeshini na alikufa ndani ya tarehe zao, ambazo nimezitaja kwenye swali la mwisho kabisa.

Naweza kumhamisha nikamzike kwetu?

Hapana. Tangu mwanzo walikataa kuhamisha maiti za familia moja moja, hata tajiri wa London alikataliwa. Kinachofanyika na baadhi ya familia ni kuchukua udongo kidogo wa nyumbani wakafanya dua pale. Kama unakusudia kufanya hivyo ongea kwanza na mtunzaji, usichimbe chimbe.

Babu yangu alikuwa keya akafia Burma, kwa nini simuoni Dar?

Hiyo ni vita ya pili, 1939 mpaka 1945. Waliokufa Burma, ambayo leo ni Myanmar, wako huko huko, wenye makaburi wengi wako Taukkyan karibu na Yangon, na wasio na kaburi wako kwenye ukumbusho uliopo ndani ya makaburi hayo, una majina karibu 27,000. Kama alikufa kwenye meli Khedive Ismail iliyozamishwa Februari 12, 1944 ikiwa njiani kwenda Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, tafuta kwenye ukumbusho wa Afrika Mashariki ulioko Nairobi, makaburi ya vita ya Ngong Road. Meli ile iliondoka na watu karibu 1,500, wakafa karibu 1,300, na wengi walikuwa wa mizinga kutoka huku kwetu.

Na mashujaa wa vita ya Kagera?

Hao ni wa JWTZ na wako Kaboya, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Ni makaburi ya taifa letu, hayahusiani na tume.

## Ukienda pale

Kuna kiingilio? Naruhusiwa kupiga picha?

Hakuna kiingilio. Picha za kawaida hakuna shida, ila sio mahali pa picha za harusi wala kukaa juu ya mawe. Vaa kama unayeenda msibani.

Mimi Mwislamu, naweza kusoma dua pale?

Soma, tena kuna Waislamu wengi wanakusubiri. Nenda kwenye kuta za makaburi ya pamoja usome Fatiha, hujui jina, Mungu analijua.

Maneno "anajulikana na Mungu" kwenye baadhi ya mawe yana maana gani?

Ni ya askari ambaye mwili ulipatikana ila jina halikupatikana. Maneno ya Kiingereza yalichaguliwa na mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling ambaye mwanae mwenyewe alipotea Ufaransa 1915.

Niende siku gani?

Siku yoyote. Karibu na Novemba 11 balozi huwa zinaweka mashada, ila siku za kawaida ndo kuna utulivu wa kusoma majina. Ukienda na watoto wape kazi, kila mmoja atafute mtu mwenye umri wa kaka yake.

## Swali gumu

Babu wa mama yangu alirudi nyumbani 1919 akiwa mgonjwa, akafa baada ya miezi michache. Naye anahesabika?

Hili naulizwa zaidi ya yote na linanigusa kwa sababu ndo hadithi ya nyumba nyingi. Kwa vita ya kwanza tume inahesabu kuanzia Agosti 4, 1914 mpaka Agosti 31, 1921. Aliyekufa ndani ya muda huo akiwa bado jeshini anaingia, kwa sababu yoyote ile. Aliyekuwa ameshaachiliwa anaingia kama kilichomuua kilitokana na utumishi wake. Kwa hiyo babu wa mama yako, kwa kanuni, angeweza kuwemo.

Ugumu uko kwenye karatasi. Mpagazi aliyedhoofika aliruhusiwa aende kwao kwa miguu, wengine walifia njiani, wengine walifika wakakaa kwenye mkeka wiki chache. Hakuna daktari aliyeandika. Kwa hiyo anza na mzee aliyebaki kwenye ukoo kabla hajaondoka naye, umuulize babu alirudi msimu gani, mvua za kupanda au za kuvuna, alirudi na nani, alikuwa anatapika au anaharisha au anakohoa, alitaja sehemu gani alizopita, alikuja na kibati chochote chenye namba, chifu aliyewatoa alikuwa nani. Rekodi kwa simu sauti ya mzee mwenyewe, alafu andika tarehe uliyorekodi na majina yote kama anavyoyatamka yeye, usiyasahihishe.